Nilimshukuru Mgeni Rasmi, Nikamsahau Shangazi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Wete kaniandikia: "Dada, mwezi wa Machi ulipanda jukwaani ukapewa cheti. Nani alikushika mkono?" Nimekaa na ujumbe ule siku tatu. Jibu ninalo, ila lina aibu ndani yake.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, nilipewa cheti cha ujasiriamali kwa sabuni zangu za mwani. Zinauzwa Mji Mkongwe, watalii wanazichukua kwa madazeni. Msinione najisifu. Haya, najisifu, nimezitolea jasho. Nilipopewa kipaza sauti nikamshukuru mgeni rasmi, nikashukuru wafadhili, nikamshukuru hata kijana anayenibandikia lebo. Nikamtaja Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, akatembeza vyungu mjini, na mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Nikamtaja Bi Kidude. Nikamtaja Rais Samia, mzaliwa wa Makunduchi, jirani zetu. Makofi yakapigwa.

Shangazi yangu alikuwa viti vya nyuma, kajitanda kanga mpya. Alitoka Jambiani na gari ya alfajiri. Sikumtaja.

Yeye ndiye niliyemwona mwanzo akifunga mwani. Kilimo hiki kilishika pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, na yeye kaingia majini mwaka uliofuata, wanaume wakicheka kwamba wanawake wamekwenda kupanda majani baharini. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, anashuka na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, miguu ndani ya maji ya chumvi, mgongo juani. Wiki sita baadaye anavuna, anaanika, anauza kwa kilo kwa bei ya kutupa. Kwa bei hiyo hiyo nilivaa sare ya skuli mpaka kidato cha nne. Kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ulipoanza kufa kwa joto la bahari, wenzake wengi waliacha. Yeye akabaki na spinosamu, bei chini, akaongeza kamba. Na aliyeniambia "usiuze kwa gunia mwanangu, saga" ni yeye. Mie nikenda kusema kwenye semina kwamba wazo ni langu.

Sasa ushauri. Mtaje. Mtaje kwa jina lake, mtaje na kazi yake, na umtaje akiwa anasikia. Usiseme "namshukuru mama" ukapita. Sema alisuka ukili hadi taa ikamzimikia. Sema alichambua karafuu za watu usiku kucha. Mtaje, jamani! Wanawake wenzangu, tunajua kupamba kumbi na kushona sare za kufanana, tunawapigia makofi walio kwenye picha ukutani, na aliyetupikia uji tunamwachia sufuria akoshe. Kisha tunajiita tumeinuana. Nasema kwa ukali kwa sababu naanza na nafsi yangu.

Jumamosi nilikwenda Jambiani. Sokoni Darajani sikupata kanga yenye jina la shangazi, nikachukua "Nani kama mama". Kaisoma, kacheka: "Wee, mamako akiiona?" Nikamwomba radhi.

"Mie sikwenda kutajwa," kasema. "Nilikwenda kukutizama."

Bora angenitukana.

Nikatoa daftari, nikamwambia anihesabie kila alichonunua kwa pesa ya mwani, niandike chini ya jina lake. Mabati ya jikoni. Skuli yangu, na ya kaka zangu wawili. Cherehani. Kanyamaza, nikadhani kamaliza, nikafunga daftari.

"Fungua," kasema. "Kile kitanda alichofia babu yako, nacho ni mwani."