Klabu Yetu Haina Uwanja wa Nyumbani: Tuanzie Wapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya soka ambayo wachezaji wake hulipwa posho ya mechi, lakini kila mmoja ana kazi nyingine inayompatia riziki. Uwanja tulioutumia tangu zamani uliuzwa, na tangu hapo tumekuwa wapangaji kwenye viwanja vya wenzetu. Mapato ya mlangoni yameshuka, vijana wa timu ya pili wanatuacha, na kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka tuanze mara moja kuchangisha fedha za kujenga uwanja wetu. Upande wa pili unasema tupande daraja kwanza, fedha zitakuja zenyewe. Unatushauri nini?

JIBU: Ndugu Katibu, sioni kwamba pande hizo mbili zinaanzia mahali panapostahili. Kabla ya kujenga na kabla ya kupanda daraja, klabu yenu inahitaji makazi ya uhakika kwa misimu kadhaa mfululizo, yaliyo karibu na mashabiki wenu na yenye mkataba wa maandishi. Ningechagua bila kusita uwanja wenye jukwaa moja dogo ambao shabiki anaufikia kwa miguu, kuliko uwanja mzuri unaomlazimu kusafiri saa nzima.

Nasema hivyo kwa sababu hasara kubwa ya klabu isiyo na uwanja si kodi inayolipa, bali ni mapato ambayo hayaingii kabisa. Klabu ya kiwango chenu huishi kwa kiingilio, kwa vinywaji na chakula kinachouzwa siku ya mechi, kwa mabango ya wadhamini yanayozunguka uwanja, na kwa kukodisha uwanja siku za katikati ya wiki. Mpangaji kwa kawaida hubaki na kiingilio peke yake, na kodi hutolewa humo humo. Mkihamia mbali, hata kiingilio hicho kinapungua, kwa sababu anayeacha kuja kwanza ni yule mzee aliyekuwa akija kila Jumamosi na mjukuu wake. Mfadhili naye, akiona bango lake linasimamishwa asubuhi na kung'olewa jioni ili kumpisha mwenye uwanja, hujiuliza analipia nini.

Basi kaeni na mwenye uwanja mwandike kila jambo. Ikitokea timu zote mbili zimepangiwa kuwa wenyeji siku moja, nani anatangulia? Mvua ikinyesha na mtunza uwanja akaamua kwamba nyasi hazitastahimili mechi mbili, ni mechi ya nani inayoahirishwa, na nani anawajulisha waamuzi na wageni kabla hawajaanza safari? Mechi ya marudio ya kombe ikiangukia usiku wa katikati ya wiki, umeme wa taa unalipwa na nani? Msidharau hata stoo. Nyavu, bendera za kona, mipira na sanduku la huduma ya kwanza vikisafirishwa kwenye buti la gari la mtu mmoja, siku gari hilo likiharibika hakuna mechi. Muhimu kuliko yote ni muda wa notisi: kama mwenye uwanja anaweza kuwaondoa kwa notisi ya mwezi mmoja, basi mnaishi kwa hisani yake tu, na ligi inaweza kukataa usajili wenu katikati ya maandalizi ya msimu.

Hoja ya kupanda daraja kwanza ina mfano mmoja unaoiunga mkono kwa sehemu. Dulwich Hamlet, klabu ya kusini mwa London, ilifungiwa nje ya uwanja wake wa Champion Hill mwezi Machi 2018. Ikapokelewa na Tooting & Mitcham United, ambao uwanja wao uko huko huko kusini mwa London, na ikapanda daraja msimu huo huo ikiwa mpangaji, kisha ikarudi Champion Hill mwezi Desemba mwaka huo. Lakini angalia kilichoisaidia: uhamisho ulikuwa mfupi, haukuwa wa mbali, na mashabiki walifuata timu. Enfield, ya kaskazini mwa jiji hilo hilo, haikupata bahati hiyo. Uwanja wake wa Southbury Road uliuzwa mwaka 1999, uwanja mpya uliotarajiwa haukupatikana, na timu ikabaki kuhamahama nje ya mji wake. Mwaka 2001 mashabiki waliochoka kusubiri waliunda klabu yao wenyewe, Enfield Town, wakarudisha soka mjini, na mwaka 2011 wakahamia uwanja wa Queen Elizabeth II, ambao ni mali ya halmashauri. Klabu ya zamani ilivunjwa mwaka 2007. Enfield Town hawakujenga kitu kipya kutoka msingi. Walikubaliana na halmashauri kuhusu uwanja wa riadha uliokuwapo tayari. Njia hiyo naipendekeza kwenu kwa moyo wote, kwa kuwa viwanja vya umma na vya shule vinavyotumika saa chache tu kwa wiki ni vingi kuliko fedha za kujenga vipya.

Ujenzi usahaulike? Hapana. Anzeni kutafuta haki ya ardhi ya muda mrefu, kwa sababu wafadhili wengi hawatoi ruzuku ya majengo kwa klabu ambayo mkataba wake unamalizika baada ya miaka michache. Na siku mtakapoipata ardhi hiyo, katiba yenu iseme wazi kwamba haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila kura ya wanachama wote. Ninyi mmekwisha kuonja uchungu wa uwanja wenu kuuzwa. Msiwaachie watakaokuja baadaye mlango ule ule ukiwa wazi.

SWALI: Mimi ni shabiki wa kawaida wa klabu iliyopoteza uwanja. Zaidi ya kulipa kiingilio na kuchangia, tunaweza kufanya nini?

JIBU: Mengi, na historia ya Charlton Athletic inathibitisha. Klabu hiyo ya London, ambayo ni ya kulipwa, iliondoka uwanja wake wa The Valley mwaka 1985 ikawa mpangaji kwa wengine. Halmashauri ilipokataa mipango ya kuufufua uwanja, mashabiki waliunda chama cha siasa, Valley Party, wakasimamisha wagombea katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 1990. Hawakupata kiti hata kimoja, lakini walipata kura 14,838, na wanasiasa waliielewa hesabu hiyo. Tarehe 5 Desemba 1992 timu ilicheza tena The Valley. Si lazima muunde chama, ila hudhurieni vikao vya mipango miji, pelekeni maoni kwa maandishi, na wafanyeni wagombea waseme hadharani wanasimama wapi kuhusu ardhi ya michezo.

Njia nyingine ni hisa za jamii. FC United of Manchester, iliyoanzishwa na mashabiki mwaka 2005, ilikuwa mpangaji kwa takriban miaka kumi, sehemu kubwa kwenye uwanja wa klabu ya Bury, kabla ya kufungua Broadhurst Park mwezi Mei 2015. Sehemu ya gharama ilitokana na hisa walizonunua watu wa kawaida, na kila mwanachama ana kura moja tu hata akiwa na hisa nyingi. Hapo ndipo nguvu ya mpango ule ilipo: tajiri mmoja hawezi kuununua uamuzi.

SWALI: Mwenye uwanja tunaopanga anataka kuweka nyasi bandia na anatuomba tuchangie gharama. Tukubali?

JIBU: Kubalini kwa masharti. Nyasi za asili huchakaa haraka zikibeba timu mbili pamoja na vijana na mazoezi, ilhali nyasi bandia hubeba saa nyingi za matumizi kila wiki, hivyo mgogoro wa ratiba hupungua. Lakini zulia hilo huhitaji kubadilishwa baada ya takriban miaka kumi, au mapema zaidi likitumika sana, na fedha za kulibadilisha ziwekwe akiba tangu mwaka wa kwanza. Kwanza ulizeni ligi yenu kama inaziruhusu katika daraja lenu na lile mnalolilenga. Kisha mchango wenu uandikwe kwenye mkataba kama saa za matumizi mlizohakikishiwa kwa miaka iliyotajwa, pamoja na kiasi mtakachorejeshewa mkiondolewa kabla ya miaka hiyo kwisha.