Mteja Akikuambia "Nipigie Windows 11"

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mafundi wachanga wa Kampala hawakosi kazi. Mteja anaingia na laptopu kwapani, anasema kila asubuhi inamletea ujumbe kwamba muda wa Windows 10 umekwisha, anataka apigiwe, yaani asakinishiwe, Windows 11 na jioni apitie kuichukua. Pesa ya haraka hiyo. Wewe unayeanza, kabla hujachomeka flashi, muulize: "Mzee, ni kazi gani kwenye mashine hii ikisimama Jumatatu, na duka linasimama?" Jibu lake ndilo linaloamua.

Mashine yenyewe haina mjadala mrefu. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Ukiniuliza mimi, GB 4 ni za kuwashia tu, si za kufanyia kazi. Kompyuta nyingi za mtumba ziko chini ya kizazi hicho. Njia za panya za kuruka ukaguzi zipo na kila fundi anazijua, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa huko, na tangu toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, la mwaka 2024, zile kompyuta za zamani za Core 2 Duo haziwaki kabisa, maana prosesa zake zinakosa amri ambazo mfumo unazidai. Ukimpitisha mtu huko, mwambie kabla hajalipa.

Mjadala uko kwenye programu. Mteja atakuambia anatumia Word na Excel tu. Usiishie hapo. Hakudanganyi, ila kile anachokifungua siku nzima yeye hakiiti programu; anakiita "daftari la madeni" au "ile ya stika". Kaa pembeni yake umtazame akifanya kazi. Kila anachobofya kiandike: jina, toleo, na kama ni cha biti 16, 32 au 64. Task Manager itakuonyesha zile za biti 32, na hizo kwa kawaida huhama salama. Za biti 16 ndizo zinazoua kazi. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 lililoweza kuziendesha. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na haiziendeshi. Ukienda kwenye SACCO ya zamani unaweza kukuta programu ya enzi za DOS, mfumo uliokuwapo kabla ya Windows, aliyeiandika hapatikani tena, na hisa za wanachama wote zimo humo. Pia kuna programu za miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Kwenye kompyuta ya zamani inakwenda vizuri, kwenye mpya hata usakinishaji hauanzi, nawe unabaki kulaumu CD.

Draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa, ni ngumu kuliko programu za kawaida. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64, basi, hakuna kubembeleza. Ndiyo maana kwenye maduka ya uchapaji ya Nasser Road naanza na waya nyuma ya meza kabla sijagusa kompyuta. Chukua mashine ya kukata stika. Nyingi huunganishwa kwa waya wa USB wenye chipu ndogo ya PL2303 ndani yake. Umemaliza kupiga Windows 11, unauchomeka, kompyuta inatoa ile sauti ya kutambua kifaa, unafurahi. Fungua Device Manager: pembetatu ya njano, na mahali pa jina la kifaa pameandikwa kwamba PL2303HXA ilisitishwa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Draiva mpya imeikataa chipu ya zamani, na bandia zake pia. Mwenye duka ataona jambo moja tu, kwamba fundi ameharibu mashine iliyokuwa inakata jana. Tiba ni kumrudishia draiva ya zamani kwa mkono, na kujua kwamba masasisho yanaweza kuja kuifuta, au kununua waya wenye chipu nyingine, FTDI kwa mfano. Mimi nabadilisha waya. Haufiki bei ya stika za siku moja zilizokwama.

Upande wa vitabu vya hesabu, hatari ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Faili la QuickBooks likifunguliwa na toleo jipya linabadilishwa muundo, na toleo la zamani halitalisoma tena. Kwa hiyo nakala itolewe kabla, na ikae nje ya kompyuta hiyo. Tally nayo leseni yake imefungwa na mashine: isalimishe kutoka ndani ya programu yenyewe kabla hujafuta diski, ama sivyo utashinda kwenye simu ukijieleza. Halafu kuna zile nakala zilizovunjwa ufunguo, ambazo mjini zimejaa kuliko halali. Kwa hizo usimwahidi mteja chochote. Kinga ya Windows mara nyingi huifuta ile faili ya kuvunjia ufunguo, na mteja atakudai programu ambayo hakuinunua.

Angalia na tarehe. Ritani za VAT na PAYE zinatakiwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ofisi ya mhasibu usiiguse kuanzia mwanzo wa mwezi hadi siku hiyo ipite, hata akusihi. Na mahali panapotoa risiti za EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, usijaribie mfumo mpya kwa risiti ya uongo ya "sabuni moja". Risiti hiyo inakwenda URA kama mauzo ya kweli, na kuifuta kunahitaji noti ya mkopo. Msubiri mteja wa kwanza wa kweli, ukiwa umesimama hapo hapo.

Mtu atakuuliza: kwa nini tusihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni bure? Ni swali zuri, na si kila mara jibu ni hapana. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, matoleo yake ya muda mrefu (LTS) yanahudumiwa miaka 5, na kompyuta ambayo Windows 11 imeikataa inaweza kupata maisha mapya. Anayefanya kazi zote kwenye kivinjari hataona tofauti kubwa. Lakini anayechapa kazi za wanafunzi pale Wandegeya, faili za Word zinakuja na kuondoka siku nzima, na LibreOffice, inayotumika huko badala ya Word na Excel, itakapokosa fonti ileile kurasa zitasogea. Mwanafunzi aliyeacha kurasa 40 hataki kurudishiwa 42. Fonti ya Carlito ina vipimo sawa na Calibri na hupunguza tatizo hilo, ila Excel zenye makro ni hadithi nyingine. Wine, inayoendeshwa tangu 1993 kwa ajili ya kuziwezesha programu za Windows ndani ya Linux, ijaribu mezani kwako. Dukani kwa mtu si mahali pa majaribio.

Mara nyingi ushauri wangu kwa mteja ni kwamba asihame leo. Windows 10 ya nyumbani inaweza kusajiliwa kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mashine inayoendesha kifaa kimoja cha zamani naitoa kwenye intaneti, faili zinaingia kwa flashi iliyokaguliwa, na kompyuta mpya inabeba barua pepe na benki. Kompyuta mbili mezani hazipendezi sana, lakini kazi inatoka.

Akisisitiza kuhama, nunueni SSD mpya, sakinisha humo, na ile diski ya zamani itoe, iandike jina lake na tarehe, mkabidhi mkononi. Siifuti kamwe. Akaunti ya Microsoft iwe ya mteja, isiwe yako: tangu 24H2, usakinishaji mpya kwa akaunti hiyo mara nyingi huwasha wenyewe usimbaji wa diski, yaani diski hufungwa kwa ufunguo, na ufunguo wa kuifungua unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku mashine ikiudai, wewe huenda umeshahamia Mbarara.

Na kama umesasisha juu kwa juu bila kubadilisha diski, Windows inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kisha inafuta ya zamani. Mara tu baada ya kusasisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi uziongeze hadi 60 kwa DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Siku 10 hazimtoshi mwenye duka. Ripoti ya mwisho wa mwezi, ile anayoichapisha mara moja tu kwenye printa iliyo chumba cha nyuma, itakuwa bado haijaguswa.