Maswali yenu ya muziki: Ile ngoma ya Rocky ilitokea wapi?

Swali: Habari za kazi kaka mhariri. Jimu yetu kila jioni kocha anaweka Eye of the Tiger ndo tunaanza begi. Juzi kukatokea ubishi, mmoja anasema wimbo ulikuwepo zamani watu wa muvi wakauchukua tu, mwingine anasema ulitungwa kwa ajili ya Rocky. Nani yuko sahihi? Na kwanini ule mwanzo unasisimua vile? – Msomaji, Tanga

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Huyo wa pili kashinda, ulitungwa kwa ajili ya Rocky III kabisa, muvi ya tatu ya yule bondia Rocky. Sylvester Stallone, mwongozaji wa muvi na ndiye aliyecheza Rocky, pale mwanzo wa muvi alikuwa kaweka kwa muda Another One Bites the Dust ya Queen, ruhusa ya kuutumia ikagoma, ikabidi atafute ngoma yake mwenyewe. Akampigia Jim Peterik wa Survivor, bendi ya Chicago ambayo jina lake lilikuwa bado dogo tu, hakumkuta, akamwachia ujumbe kwenye mashine ya simu. Hebu fikiria unarudi nyumbani unabonyeza mashine unamsikia Rocky mwenyewe anakuomba wimbo!

Sasa kuhusu kusisimua. Peterik na mwenzake Frankie Sullivan walipewa kanda ya video ya dakika chache za mwanzo, wakawa wanaangalia ngumi zinavyotua huku gitaa liko mkononi. Leo kocha akiweka sikiliza vizuri, kuna gitaa linakwenda mbio chini chini, nyuzi zimezibwa na kiganja, halafu ghafla: JA! kimya. JA-JA-JA! kimya. Ile ni ngumi ndugu yangu, walikuwa wanazifuatisha kwenye picha, na mi naamini kabisa nguvu yote ya wimbo iko kwenye vile vimya, maana mwili wako unangoja ngumi inayofuata hata kama hujawahi kuvaa glavu. Mtu mwingine angejaza vinanda pale akaharibu kila kitu.

Maneno walikuwa hawana bado, mpaka walipoomba waione muvi yote wakajua kisa, na jina la wimbo wakalitoa kinywani mwa Apollo Creed (bondia mpinzani wa zamani wa Rocky, yule aliyechezwa na Carl Weathers) pale anapomkumbusha Rocky kitu alichokuwa nacho zamani. Na ile unayoisikia ndani ya muvi ni demo, yaani rekodi ya majaribio, si ile ya kwenye albamu, na kuna mngurumo wa chui milia ndani yake. Ikatoka 1982, ikakaa namba moja Marekani wiki 6, Uingereza nako ikashika namba moja, Grammy wakabeba, Oscar wakaishia kuteuliwa.

Swali: Survivor ndo waliishia hapo hapo? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Hapana bwana, watu wanawaonea sana hawa jamaa. Mwimbaji wa mwanzo Dave Bickler alipata shida ya koo akatoka 1983, akaja Jimi Jamison, na huyo ndo unamsikia kwenye Burning Heart ya Rocky IV, iliyofika namba 2 Marekani. Jamison alikuwa na sauti kubwa na safi zaidi, ila kwa ngoma ya ngumi mi nabaki na Bickler, ile sauti yake ina mikwaruzo kama mtu aliyekwisha pigwa raundi kadhaa na bado kasimama.

Swali: Tunaandaa pambano mtaani, tunaweza kuuweka huo wimbo kwenye tangazo letu la video? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Ombeni ruhusa kwanza, msifanye kienyeji. Mwaka 2012 kampuni ya Sullivan ilimpeleka mahakamani Newt Gingrich, mwanasiasa mkubwa wa Marekani aliyekuwa anagombea urais, kwa kuupiga kwenye mikutano yake. Ruhusa ikiwashinda, tafuteni kijana wa gitaa hapo hapo Mbagala, mpeni video ya bondia wenu akiwa mazoezini, azime sauti, aanze kupiga akifuata ngumi.