Kitako cha Lee-Enfield kinacheza: usianze na bolti

Ndugu, umesema bunduki yako ya Lee-Enfield No. 1 Mk III ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza inacheza kitako, na unataka kuingiza bisibisi ndefu ukaze bolti ya ndani, ile inayofunga kitako kwenye mwili wa bunduki. Tafadhali subiri kidogo.

Kwanza hakikisha haina risasi: toa magazini, fungua chemba (mahali risasi inapokaa), utazame kwa macho na upapase kwa kidole.

Sasa hiyo bolti. Kwenye modeli hii ncha yake ni ya mraba, nayo inashikwa na kibati kilicho nyuma ya ubao wa mbele. Ukiizungusha kabla ya kuuondoa ubao huo, utaupasua. Nimeona mbao nzuri za miaka mia zikiharibika hivyo, na inauma sana. No. 4, modeli ya baadaye ya Lee-Enfield, haina shida hiyo, ndiyo maana maelekezo yake huwapoteza watu.

Ukishautoa ubao wa mbele, kaza bolti, ukiishia ncha ikiwa imekaa sawa na kibati. Kitako kikiendelea kucheza, ubao wake umesinyaa kwa ukavu. Weka kipande chembamba cha karatasi ngumu kwenye maungio, kitu unachoweza kukitoa baadaye. Gundi hapana, kabisa. Msasa pia hapana, maana mihuri ya ukaguzi ikifutika hairudi. Kuutunza ubao, mafuta ya kitani, tone kwa tone, yanatosha.

Mtutu au kufuli (sehemu inayofunga chemba) vikilegea, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni.