Mtoto wa miezi mitatu halali bila titi mdomoni: kwangu ilisaidia hivi

Mdogo wangu, hongera ya mtoto na pole ya uchovu. Umeuliza mambo mawili: kama mtoto wa miezi mitatu aliyezoea kusinzia na titi mdomoni anaweza kujifunza kulala mwenyewe kabla hujarudi kazini, na kama ni kweli dawa ni kumwacha alie mpaka achoke, kama ulivyoshauriwa. La kwanza: anaweza kuanza, ila taratibu. La pili: hapana, kwa umri huo usimwache alie peke yake. Nimelea watatu kwenye nyumba ya kupanga, chumba na sebule, kwa hiyo nakuambia yale yanayowezekana bila chumba cha mtoto.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mpaka miezi mitatu mtoto anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, mchana na usiku ukijumlisha. Saa ni nyingi, lakini zimekatika vipande vipande. Kila baada ya kama dakika 50 usingizi wake unakuwa mwepesi, anakaribia kuamka, kisha ama azame tena ama aamke kabisa. Hata sisi wakubwa tunaamka usiku, tunageuka upande wa pili, asubuhi hatukumbuki. Mtoto aliyesinzia akinyonya akishtuka anakuta titi halipo, na njia nyingine ya kurudi usingizini haijui. Hapo hadeki, na wala hukumharibu kwa kumbeba. Anayekuambia umemdekeza mtoto wa miezi mitatu mwache aseme.

Sasa jambo ambalo naona lina nguvu kuliko yote: jifunze kusubiri kidogo. Kichanga akiwa kwenye usingizi mwepesi anakunja uso, anaguna, anajinyonganyonga, anafumbua macho nusu, hata anatoa kilio kifupi, na bado amelala. Mama aliye ubavuni anamwahi, anamnyanyua, na hapo ndipo anapomwamsha. Wa pili wangu nilimsikiliza gizani ndani ya chandarua. Anaanza kuguna, mkono unatoka, unampiga shavuni, unapotea, unarudi, mpaka ngumi inapata mdomo. Anainyonya kidogo, anashusha pumzi, kimya. Ningemnyanyua alipoguna tu asingepata nafasi ya kuutafuta huo mkono. Ukimsikia, vuta pumzi kama kumi hivi huku unasikiliza. Kilio kikipanda, mchukue mara moja. Kama ni njaa mnyonyeshe bila kusitasita, maana miezi mitatu kunyonya usiku ni haki yake, na ni usiku ambapo homoni ya kutengeneza maziwa inakuwa juu. Lengo lako lisiwe kumkatisha titi la usiku.

Kinachotakiwa kutenganishwa ni titi na ile dakika ya mwisho ya kusinzia. Anza na usingizi mmoja tu, ule wa kwanza wa jioni. Mwogeshe, mpake mafuta, mnyonyeshe taa ikiwa hafifu, mcheulishe, kisha mlaze macho yamelegea lakini hajazama. Weka kiganja kifuani pake, mwimbie wimbo uleule wa kila siku kwa sauti ya chini, mpigepige taratibu. Akilia, mbebe atulie, umrudishe. Akikataa kabisa mnyonyeshe alale, kesho ujaribu tena. Baada ya siku kadhaa utaona mkono wako unahitajika kwa muda mfupi zaidi.

Yote haya hayafanyi kazi kwa mtoto aliyechoka kupita kiasi. Umri huo akikaa macho saa moja na nusu hivi imetosha. Mwangalie: anakodolea macho sehemu moja, anageuza uso ukimchekea, nyusi zinakuwa nyekundu kidogo. Mlaze hapo, usingoje afikiche macho na kulia. Asubuhi mtoe nje aone mwanga, usiku pawe giza na kimya, runinga izimwe, na simu isimmulike usoni unaponyonyesha. Saa yake ya mwilini ndiyo kwanza inashika umri huu.

Kuhusu kazi: likizo ya siku 84 ya sheria yetu Tanzania inaisha mtoto akiwa bado mdogo sana, na hapo nakuonea huruma kweli. Lakini dada atakayebaki naye hana harufu ya maziwa, kwa hiyo mtoto atakubali njia yake nyingine. Aanze kumlaza mchana wewe ukiwa bado nyumbani, kwa wimbo uleule. Akimbeba mgongoni kwa mbeleko hakuna ubaya, mradi pua na mdomo viwe wazi.

Na hili mwambie dada waziwazi, tena mbele ya baba mtoto: hakuna piritoni, hakuna dawa ya kikohozi, hakuna chochote cha kumlaza. Nimesikia wanaofanya hivyo, moyo unaniuma. Dawa hizo zinaweza kumpunguzia mtoto pumzi. Uji nao asipewe kabla ya miezi sita kwa kisingizio kwamba atashiba alale.

Mlaze chali kila mara, mchana na usiku, juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Kama mnalala kitanda kimoja, asiwepo aliyekunywa pombe wala anayevuta sigara, na usisinzie naye kwenye sofa. Akianza kujaribu kugeuka, acha kumfunga kwa khanga.

Akilia kwa namna usiyoizoea, akikataa titi, akilegea, au joto likifika nyuzi 38, achana na ushauri wangu wote, nenda kituo cha afya.

Wa tatu wangu alikataa haya yote mpaka alipopita miezi sita, wakati mama ni yuleyule na wimbo ni uleule. Wako akiwa hivyo, mnyonyeshe alale, ujaribu tena baada ya wiki mbili tatu.

Andika hapa anaamka saa ngapi asubuhi na anasinzia saa ngapi mchana, nikusaidie kuona usingizi upi uanze nao.