Nyumba juu ya maji si hoteli

Wa alaykumu salaam, mpwa wangu. Ujumbe wako wa kutaka kunifuata huku nimeusikia wote, na ile picha inayozunguka kijijini nimeiona. Huyo anayesambaza kwamba mjomba wako ana hoteli juu ya maji Indonesia mwambie aache. Nyumba ile ni ya baba mkwe. Huku kisiwani, pembeni ya kisiwa kikubwa cha Sumbawa, Wabajo, watu wa baharini, hujenga hivyo wote, kwenye nguzo, kwa sababu nchi kavu haiwatoshi. Maji yakijaa yapo chini ya mkeka wako, yakipwa yanabaki matope na kila kilichotupwa jikoni tangu juzi. Bali, kile kisiwa cha watalii, siijui. Naiona kwenye simu kama wewe.

Na hiyo milioni mnayoisikia, inayowatoa macho, ni ya rupia, fedha ya huku. Milioni moja ukiibadilisha unapata laki moja na nusu ya kwetu, ikizidi ni kidogo. Kuna jamaa wiki iliyopita ananiomba milioni mbili "za huko huko kwenu", kana kwamba za huku zinaokotwa.

Sasa swali lako. Umeuliza nafanya kazi gani, na mama yako kila akiuliza namjibu "mambo ya baharini" nikabadilisha mazungumzo. Nafunga mwani.

Haya, chekeni mmalize. Najua Maziwang'ombe nzima itasikia kabla ya magharibi. Kwetu Pemba mwani ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana na kamba mkononi anaulizwa kama mkewe anaumwa. Huku wanaume wana sehemu yao: wanatoka na boti, wanatandaza kamba kwenye maji mengi, chupa tupu za plastiki ndizo maboya. Kufunga mbegu ni kibarazani, na kibarazani ni wanawake. Mie boti sina. Ya baba mkwe ina wanawe wa kuzaa, watatu, na mkwe hasukumi mtu chomboni. Basi nakaa na wake za mashemeji, nalipwa kwa kamba. Kamba moja rupia elfu tano, yaani mia nane hivi ya kwetu. Unakata tawi kiasi cha ngumi, unalipitisha kwenye kitanzi, unakaza, unasogea shubiri, unaanza upya. Kamba imekauka chumvi, kwa hiyo kidole kinachanika palepale kilipochanika jana. Kuna bibi mmoja hapa hana jino hata moja, anamaliza kamba tatu mie nahangaika na ya kwanza, na akimaliza ananiangalia mikono, anatikisa kichwa, ananivutia ya kwangu anisaidie. Hilo la kusaidiwa ndilo linaloniuma kuliko kuchekwa.

Utaniambia tafuta kazi nyingine. Kwa karatasi zipi? Kibali changu ni cha mume wa raia, nakihuisha kila mwaka, na mdhamini ni mke wangu. Yeye ndiye anayetia saini kwamba bado ananitaka. Tukigombana usiku, asubuhi mie ndiye wa kwanza kutoa salamu. Kuajiriwa kampuni ni lazima mwajiri akuombee ruhusa yake peke yake, na nani atamhangaikia aliyekuwa dereva wa nyumba ya watu Muscat, wakati vijana wa hapa wenyewe wanakimbilia Malaysia?

Ardhi ndiyo usiseme. Sheria yao ya 1960 inampa umiliki kamili raia tu. Fedha za kiwanja, kule nchi kavu, nilizitafuta mie kwa usukani. Ili mke wangu akinunue bila pingamizi tulikwenda kwa wakili wa mikataba, nikasaini kwamba chake ni chake na changu ni changu. Changu kipi? Simu hii. Na usimseme vibaya mkaza mjomba wako wa huku. Muscat alikuwa akifanya kazi za ndani, akilala masaa manne tu kwa siku, na mpaka leo hajawaambia wazazi wake bei ya kiwanja wala mfuko kilikotoka, kwa kuniwekea heshima yangu. Sijui kama ndiyo heshima au ndiyo kinyume chake.

Mwani wenyewe nao una vituko. Mwaka 2022 bei ilipanda watu wakachukua mashine mpya za boti kwa mkopo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, mkopo ukabaki palepale. Halafu ule ugonjwa wa mwani wa mama yako upo na huku: maji yakipata joto mwani unapauka, unalainika, unakatika wenyewe. Huku wanalima ule mnene, uitwao cottonii, ambao kwenu nao umekuwa ukifa kwa joto hilo hilo. Mwambie mama yako kwamba mgongo wake naujua sasa. La, usimwambie hivyo, atalia. Mwambie nauliza hali.

Na hilo la kuuza mikarafuu ya babu upate tiketi, nisikilize vizuri. Wazee wa hapa jioni wanavuta sigara zenye karafuu ndani, kibaraza kizima kinanuka kama uwanja wetu wa kuanikia. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya hapa. Hawa Waindonesia walikuwa wateja wetu wakubwa, mpaka walipopanda za kuwatosha, na miaka ya 1980 bei ikatuangukia sisi. Babu yako aliishi na pigo hilo na mkarafuu hakukata. Wewe leo unataka kuuza uje kwa hao hao? Ukiuza usinipigie simu.

Usije. Ila ukija, usije Desemba wala Januari. Upepo wa magharibi ukishika boti hazivuki, mchele unapanda, na mgonjwa anangoja bahari itulie. Njoo Mei. Jifunze kwanza ufundi wa mashine za boti, maana anayejua kufungua injini hapa halali njaa, kibali anacho au hana. Hapana, hapo usinisikilize: bila kibali watakushika wakurudishe, na nauli yako mie sina.

Wala usifikiri nateswa. Adhana naisikia mara tano. Mama mkwe akipika samaki wa mchuzi mkali, kichwa kikubwa kinakuja kwenye sahani yangu, shemeji apende asipende. Binti yangu anazungumza Kibajo na Kisumbawa, na Kiswahili anachokijua ni yale ninayoyasema kamba ikinikata kidole, kwa hiyo siku mkimpigia simu ya video msishtuke. Kijana mwenye subira na asiyejali kuitwa mume wa fulani angeishi hapa vizuri sana. Wewe subira huna, nakujua.

Fedha ya mwezi huu itachelewa. Mwani upo kichanjani, mvua haijauacha ukauke, na mnunuzi hachukui wenye unyevu. Ukikauka nitavuka mjini kutuma. Itakuwa elfu sitini, si laki. Mama yako asikope dukani kwa jina langu kabla haijafika, na huyo mwenye duka ambaye ndiye aliyeianzisha ile picha, mwambie deni la nyuma nalikumbuka.