Anaweza kukutumia hivyo ulivyo

Dada yangu, umeuliza kama Mungu anaweza kukutumia ilhali maradhi yamekumaliza hata kwaya huiwezi. Anaweza, tena sana. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake, yaani udhaifu wa mwilini, uondolewe, na haukuondolewa. Aliambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Hakuambiwa apone kwanza ndipo ahubiri.

Tazama hapa hapa kwetu Mombasa. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika 1844, na mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe yu hoi kitandani. Kaburi la Rosine lipo Nyali mpaka leo. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann walipanda kwenda Rabai, vilimani nje ya Mombasa, wakiwa bado na homa. Na mtu wa kwanza kuipokea Injili huko alikuwa Mringe, maskini mlemavu, wala si mzee wa kaya (kiongozi wa jadi wa Wamijikenda).

Sisemi maradhi ni mema (dawa umeze, kliniki usikose). Lakini mgonjwa mwenzako wodini atakusikiliza wewe kuliko atakavyomsikiliza mchungaji mzima wa afya. Muombee huyo.